Tema, Shem!

Siku hiyo shemeji yangu alivaa suruali nyeupe. Naanza na suruali kwa sababu bila hiyo kesi yangu ingekuwa ndogo.

Bosi wake ana kashamba ka mizabibu kule Sonoma, mwendo wa saa moja hivi kutoka Oakland, California, tunakoishi. Alitualika tukaonje Merlot yake ya kwanza, yaani mvinyo mwekundu. Mizabibu yenyewe ilikuwa na miaka minne tu, na mavuno yote yalijaza mapipa mawili ya mwaloni, lita 225 kila moja. Nikapiga hesabu: chupa 600. Kwetu Moshi hiyo ni harusi moja, na bado wapishi watalalamika kuwa hawakufikiwa.

Njiani shem akanipa semina. "Unazungusha glasi, unanusa, unapiga funda dogo, unavuta na hewa kidogo, halafu unatema."

"Natema?"

"Kuna ndoo."

Nikajua ananitania. Kumbe wapi! Bosi alizamisha bomba la kioo ndani ya pipa, akatumiminia kidogo kidogo, akasukutua lake kama mtu anayepiga mswaki, kisha pyuu! kwenye ndoo ya bati. Shem naye pyuu, kistaarabu kabisa.

Mimi nikameza.

Jamani, mimi nimekulia kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi. Kwetu anayekukaribisha anaonja kwanza mbele ya macho yako, anatoa sumu, ndipo anakupa kata. Sasa wewe uteme! Utakuwa umemwambia nini huyo mzee? Basi nikameza la pipa la kwanza, nikameza la pipa la pili, nikameza la mchanganyiko, tukarudi pipa la kwanza kuangalia kama maoni yetu yamebadilika. Yangu yalikuwa yanazidi kuwa mazuri. Mvinyo una kilevi cha asilimia 14, na asubuhi nilikuwa nimekunywa chai kavu.

Bosi akaeleza kwamba majirani wote wanahangaika na zabibu za Cabernet Sauvignon, yeye kachagua Merlot kwa kuwa inawahi kuiva na haimkabi mtu koo. Nikawa natikisa kichwa kama mjumbe wa kamati ya harusi.

"Mnapata ladha gani?" akauliza.

Shem akasema cheri, chokoleti, na ngozi. Ngozi! Mtu wa Kibosho huyo, namjua, ngozi aliyowahi kuonja ni ya mbuzi. Ikaja zamu yangu. Nikasema zambarau, kwa sababu ilikuwa zambarau kabisa, pamoja na ule ukakasi unaobaki kwenye ufizi. Bosi hakuijua. Nikaona nisihangaike na maelezo, nikamtolea ulimi aone rangi.

Shem akafumba macho.

Bosi alicheka, akaniongezea. Nikajaza mdomo, na safari hii nikaamua kufuata semina, nikaanza kuvuta hewa. Ndipo shem akaninong'oneza kwa ukali: "Tema, shem! Tema!"

Nikashtuka. Hewa ikapita njia ya mvinyo, mvinyo ukapita njia ya hewa, nikapaliwa. Kilichotoka kilitokea mdomoni na puani kwa pamoja, na hakikuelekea kwenye ndoo.

Bosi alikimbia jikoni akarudi na pakiti nzima ya chumvi, eti inanyonya doa. Akammwagia shem kuanzia kiunoni hadi magotini. Shem akasimama katikati ya mapipa kama mshikaki unaosubiri jiko, huku akisema asante sana bosi.

Kurudi aliendesha yeye, mimi sikuwa wa kuaminiwa hata na redio. Saa nzima hakusema neno. Kila akikanyaga breki, chumvi inadondoka.

Dada alifungua mlango, akaitazama suruali, akashika kifua. "Mungu wangu, nani kaumia?"

"Muulize mdogo wako," shem akajibu, akapitiliza bafuni.

Nikafungua mdomo nijieleze. Dada akainama, akachungulia ndani.

"We! Zambarau mmezipata wapi Marekani hii, na hamkuniletea?"