Mtoto Anayechechemea Asubuhi Hadanganyi

Nimeonyeshwa daftari la mtoto wa darasa la tatu, hapa hapa Mtwara mjini. Mwalimu ameandika kwa wino mwekundu: "Anajifanya mgonjwa. Mzazi aje shuleni." Tangu siku hiyo nina hasira.

Mtoto mwenyewe namfahamu, ni wa jirani yangu. Akiamka, goti la kushoto limejaa na halikunjuki. Hushuka kitandani akitanguliza mguu mzima, akajiburuta mpaka barazani, na hapo mama yake humkanda kwa maji ya moto. Kuna asubuhi vidole navyo vinagoma, mswaki anaushika kwa viganja viwili. Shuleni anafika mchakamchaka umekwisha, anachapwa. Ikifika saa nne, wakati wa mapumziko, viungo vimelainika na yumo uwanjani anacheza rede na wenzake. Mwalimu akimwona anaruka, anahitimisha kwamba asubuhi alikuwa anadanganya.

Hakudanganya. Ugonjwa wenyewe ndivyo ulivyo. Baridi yabisi ya watoto, yaani ugonjwa wa viungo kuvimba kwa muda mrefu, hukaza viungo mtoto akiwa amelala, kisha humwachia kidogo kidogo kadiri anavyojongea. Goti lililoumia mpirani huuma zaidi mtoto akikimbia. Hili la baridi yabisi hupata nafuu akitembea, na mtu anayemwona mchana tu hawezi kuuona ugonjwa. Anayeuona ni mama yake, na mama hajaulizwa.

Hilo la kutoulizwa ndilo linaloniuma kuliko yote. Jirani yangu amezunguka na mtoto huyu zaidi ya mwaka. Kituo cha kwanza walipima malaria, hakuna, wakampa dawa ya maumivu. Cha pili walidhani selimundu, na hapo siwalaumu, maana selimundu tunayo kwa wingi na inauma viungo kweli. Lakini kipimo kilipotoka safi, faili likafungwa, kana kwamba goti nalo lilikuwa limepona. Kwingine akaambiwa mtoto anakua, mifupa inarefuka. Bibi yake akaenda kumchanja chale gotini. Bibi naye simlaumu, alikuwa anatafuta mtu wa kumsikiliza. Kote huko hakuna aliyemwambia: mama, hebu nieleze, asubuhi huyu anaamkaje?

Swali hilo halihitaji bingwa, halihitaji mashine wala umeme. Mtoto ana miaka chini ya 16, kiungo kimevimba wiki 6 au zaidi, asubuhi kinakaza, na sababu nyingine haijapatikana: tabibu wa zahanati ana kila haki ya kuandika rufaa siku hiyo hiyo. Akisubiri, gegedu, ile nyama ngumu laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, linaliwa. Mguu wenye goti lililovimba unaweza kurefuka kuliko mwenzake, mtoto akaanza kwenda upande. Na kuna jambo ambalo wazazi wengi hawajawahi kuambiwa: ugonjwa huu huingia machoni kimyakimya. Jicho haliwi jekundu wala haliumi, mtoto hasemi kitu, na ndani linaharibika. Ndiyo maana mtoto wa namna hii lazima apimwe macho kwa mashine kila baada ya miezi michache hata kama anaona vizuri kabisa.

Najua nitajibiwa kwamba hospitali ya kanda tunayo pale Mitengo, hospitali ya mkoa ya Ligula ipo, Lindi wana hospitali yao ya Sokoine, na mabingwa wa Mama Samia, madaktari wanaotumwa na serikali kwa siku chache, wanafika mpaka wilayani. Ni kweli, nakubali, hali si ya miaka ile. Ila bingwa anayekaa siku chache akaondoka hawezi kumtibu mtoto wa ugonjwa wa miaka. Mabingwa wa viungo vya watoto nchi nzima ni wa kuhesabika, na safari ya kuwafuata inaishia hospitali ya taifa ya Muhimbili, Dar, zaidi ya kilomita 550 kutoka hapa. Mama anayetegemea korosho anapata hela kwa msimu. Miezi mingine anakopa nauli, analala kwa ndugu Mbagala, shamba linabaki na majani. Mei 2024 mvua zilipokata barabara ya Dar kule Somanga, hata mwenye nauli alikwama.

Basi mtoto aende Dar mara ya kwanza, ugonjwa ujulikane. Baada ya hapo matibabu yarudi nyumbani. Methotreksati, dawa ya kuutuliza ugonjwa huu, ni vidonge vya mara moja kwa wiki (kwa wiki jamani, ukivimeza kila siku ni sumu), pamoja na kupima damu na ini kila baada ya muda. Kipi hapo kinashindikana Mtwara? Daktari wetu na bingwa wa Dar waongee kwa simu, dawa ipatikane dirishani. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliiweka dawa hii kwenye orodha ya dawa muhimu za watoto kwa ajili ya ugonjwa huu huu. Sheria ya bima ya afya kwa wote nayo ilipitishwa mwaka huo huo. Ninachotaka kuona ni dawa hizi zikiwa ndani ya kitita, yaani orodha ya huduma zinazolipiwa na bima hiyo.

Dawa isipopatikana, watu wananunua prednisoloni, dawa kali ya kushusha uvimbe, dukani bila kipimo. Goti linanywea, uso unajaa, majirani wanampongeza mama kwamba mtoto amenawiri. Mtoto huyo huyo anaacha kurefuka.

Kuhusu utafiti, mwaka 2020 madaktari wa Muhimbili walichapisha andiko juu ya watoto wenye magonjwa ya viungo waliopita hospitalini kwao, na ni kazi ninayoiheshimu sana. Ila walioandikwa ni waliofika. Mtoto wa Liwale au Kitangari aliyeishia kwa mganga wa kienyeji hayumo kwenye hesabu ya mtu yeyote, na asiyehesabiwa haagiziwi dawa. Waganga wakuu wa mikoa yetu miwili, Mtwara na Lindi, wanaweza kuanza na rejista moja tu kila hospitali ya wilaya: mtoto, kiungo, tangu lini, asubuhi anaamkaje.

Na wewe mzazi ambaye mwanao anaamka hivyo, usisubiri rejista. Kesho alfajiri, kabla hujachemsha maji ya kumkanda, chukua simu umrekodi anavyoshuka kitandani na anavyopiga hatua za kwanza. Nenda nayo hospitali, mwonyeshe daktari, na useme imeanza lini. Ukifika kule saa tano mikono mitupu, mtoto atakuwa anatembea.