Maabara za Kyoto, maswali ya Arusha

Tarehe 8 Oktoba 2025 ilitangazwa mjini Stockholm kwamba Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka huo inakwenda kwa watu watatu: Susumu Kitagawa wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Richard Robson wa Melbourne na Omar Yaghi wa Berkeley, California. Wameunda fuwele zenye nafasi tupu ndani yake. Chembe za metali hukaa kwenye kona, molekuli ndefu za kaboni huziunganisha, na katikati hubaki vyumba ambamo gesi au mvuke unaweza kuingia na kutoka. Kwa kifupi fuwele hizo huitwa MOF, yaani metal-organic frameworks. Moja yao, MOF-5 ambayo Yaghi aliitangaza mwaka 1999, ina vyumba vingi kiasi kwamba ukizikunjua kuta za ndani za gramu chache tu unapata eneo la uwanja wa mpira. Kundi lake lilikwenda mbali zaidi: katika jangwa la Arizona walitumia fuwele kama hizo kunasa mvuke wa hewa usiku, na jua lilipochomoza wakapata maji ya kunywa.

Habari za namna hii zikitufikia Afrika Mashariki, mjadala ni uleule. Wapo wanaosema elimu haina mipaka. Ugunduzi ukishachapishwa ni wa dunia nzima, kwa hiyo fedha zetu kidogo ziende kwenye madarasa na zahanati, na vijana wenye vipaji waende kwenye maabara zenye vifaa. Wapo wanaosema nchi isiyofanya utafiti wake itabaki mnunuzi milele.

Hoja ya kwanza haipaswi kudharauliwa. Yaghi alizaliwa Amman mwaka 1965 katika familia ya wakimbizi wa Kipalestina, chumba kimoja wakiishi watu na mifugo, bila umeme. Akiwa na miaka 15 alipelekwa Marekani, na huko ndiko alikofika alipofika. Ahmed Zewail, Mmisri aliyepata Nobel ya Kemia mwaka 1999, naye alifanya kazi yake Caltech. Mtu alikifuata kifaa kilipo, na dunia ikafaidika. Hata dawa mseto ya malaria, ambayo Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2006, haikugunduliwa kwetu, na imeokoa watoto wetu wengi.

Lakini hebu tuitazame dawa hiyo kwa makini. Kiini chake, artemisinini, kilipatikana China mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mradi wenyewe ulianza mwaka 1967 kwa siri, kwa sababu malaria ilikuwa ikiwamaliza wanajeshi katika vita vya Vietnam. Tu Youyou, mtafiti asiye na shahada ya uzamivu, alirudi kwenye vitabu vya kale vya tiba ya Kichina, akaona kwamba mmea wenye dawa hiyo haukuchemshwa. Akakitoa kiini chake kwa etha, kiyeyusho kinachochemka upesi, kwenye joto dogo, na dawa ikafanya kazi. Kilichowasukuma Wachina ni kwamba ugonjwa ulikuwa mlangoni kwao. Jibu linaweza kusafiri. Swali mara nyingi huzaliwa pale panapouma.

Sisi tunayo maswali ya aina hiyo. Kwenye miteremko ya Meru na Kilimanjaro, miamba ya volkano hutoa madini ya floraidi kwenye maji kwa kiwango kinachozidi sana miligramu 1.5 kwa lita, kikomo cha Shirika la Afya Duniani. Meno hubadilika rangi tangu utotoni, na kwa walioathirika zaidi mifupa hupinda. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimehangaika na tatizo hili kwa miaka mingi kwa kutumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Kazi yenyewe ni ya kemia hasa: mfupa huchomwa kwenye tanuru lenye hewa kidogo, joto likipungua, maji yanayochujwa hutoka na harufu na rangi, joto likizidi, mfupa hupoteza uwezo wa kunyonya floraidi. Hapohapo Arusha, Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela alibuni kichujio kinachounganisha mchanga na chembe ndogo mno, na mwaka 2015 kikampatia tuzo ya uhandisi kwa Afrika inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza.

Zimekwishachapishwa tafiti zinazoonyesha kuwa MOF za alumini hunyonya floraidi majini. Je, si tuzisubiri tu? Ugumu ni kwamba maji ya visima vya Meru yamejaa bikaboneti ya sodiamu, na bikaboneti hudhoofisha vichujio vingi vya alumini. Anayejaribu fuwele zake kwa maji safi aliyoyatia floraidi mwenyewe maabarani atapata matokeo mazuri, ayachapishe, na mama wa Maji ya Chai, kwenye miteremko ya Meru, asione tofauti yoyote kwenye ndoo yake. Lazima awepo mtu wa kuichukua fuwele ya Kyoto na kuijaribu kwa maji ya pale.

Ndiyo maana naegemea upande wa pili, ingawa si kwa sababu ya fahari ya kuwa na Nobel yetu. Robson alianza na mipira ya mbao: mwaka 1974 alikuwa akiandaa vielelezo vya molekuli vya kufundishia, akaona kwamba mahali yalipotobolewa matundu ndipo palipoamua umbo zima. Wazo kama hilo lingeweza kuzaliwa Makerere au Mlimani. Ila alipochapisha mwaka 1989, ilibidi athibitishe kwa eksirei kwamba chembe zimekaa alivyosema. Kwa kazi nzito zaidi ya aina hiyo watafiti hutumia sinkrotroni, mashine kubwa inayotoa eksirei zenye nguvu mno, na Afrika ndilo bara pekee linalokaliwa na watu lisilo nayo hata moja. Jordan, nchi aliyoondoka Yaghi, ina sinkrotroni iitwayo SESAME tangu mwaka 2017, kwa ushirikiano na majirani ambao hata kuzungumza ni shida.

Wanaopinga watasema mashine bila fundi sanifu ni chuma tu, na hapo wana haki. Maabara zetu nyingi hazikosi kifaa peke yake. Zinakosa kipuri, umeme usiokatika, na vitendanishi visivyoharibika vikisubiri karatasi za forodha. Nchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti, na nyingi hazijafika hapo. Fedha hizo zikija, zianzie kwa mafundi, na mashine ziwe za vyuo vya nchi kadhaa kwa pamoja.

Kutegemea maabara za wengine nako si salama kama inavyodhaniwa. Mwaka 2025 Ikulu ya Marekani ilipendekeza kukata zaidi ya nusu ya bajeti ya mfuko wa taifa wa sayansi, na China tayari imeipita nchi hiyo kwenye Nature Index, orodha inayopima makala za utafiti za kila nchi. Kitovu kinahama. Mwanafunzi wetu atakwenda wapi, na kwa ruzuku ya nani?

Tunayo hata mali ya kuanzia. Juni 2016 watafiti wa Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza kuwepo kwa gesi ya heliamu katika bonde la Rukwa. Mashine zinazosoma muundo wa molekuli kwa sumaku huhitaji heliamu ya kimiminika, nyuzi 269 chini ya sifuri. Ikiisha, sumaku hupoteza nguvu na kazi husimama. Kifungu kinachotenga sehemu ya gesi hiyo, hata ndogo, kwa vyuo vikuu na hospitali za nchi kinapaswa kuandikwa kabla shehena ya kwanza haijaondoka, pamoja na fedha za mtambo wa kuigeuza kuwa kimiminika.