Jini Mahaba Naye Ana Dini

Hadithi za mapenzi kati ya binadamu na majini zimekuwa nyingi kiasi kwamba msomaji wa Kiswahili mwenye simu hawezi kuzikwepa. Hutoka sehemu kwa sehemu, kila sehemu ikikatika pale mlango unapogongwa usiku wa manane au pale harufu ya udi inapojaa chumbani na hali hakuna aliyewasha chetezo, na anayetaka kujua kilichofuata huombwa atume pesa kwa M-Pesa ili aingizwe katika kundi ambamo hadithi imekamilika. Binti huwa ni wa Kibokoni, au wa Tanga, au wa Unguja. Ni mcha Mungu, amehitimu chuoni, na ana uzuri ambao mwandishi hutumia aya mbili nzima kuueleza. Jini huwa mrefu, macho yake hayapepesi, amevaa kanzu nyeupe, na anamiliki kasri chini ya bahari. Mwishoni ustadhi huitwa, Qurani husomwa, jini hupiga ukelele na kutoweka, na binti huolewa na binamu yake ambaye amekuwa akimsubiri kwa subira tangu sehemu ya pili.

Sina ugomvi na fani hii, na wala siungani na wale wanaoilaani kwa kuwa eti inachanganya dini na upuuzi. Lalamiko langu ni kinyume cha lao. Naona kwamba dini imechanganywa humo kidogo mno: imetiwa mwanzoni iwe pambo la mhusika na mwishoni iwe dawa ya kumalizia kisa, ilhali katikati, ambako mapenzi yenyewe yanakaa, haina kazi yoyote. Binti anaswali sala tano, lakini sala hizo hazimfanyi afikiri tofauti na binti asiyeswali. Jini anatoka katika ulimwengu ambao imani ya msomaji imekwisha kuueleza, lakini mwandishi anamchora kana kwamba amemwokota katika filamu.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwetu sisi watu wa pwani. Msomaji wa London anapokutana na kiumbe mnyonya damu kitabuni, anajua kwamba kiumbe huyo ni wa kubuni, na mwandishi ana uhuru wa kumpa tabia aitakayo. Msomaji wa Mombasa hakutani na jini kwa namna hiyo. Jini ametajwa katika Qurani, na ipo sura nzima, ya 72, yenye aya 28 na jina lake. Ameumbwa kwa ulimi wa moto, kama isemavyo Surat Rahman, na ameumbwa, pamoja na mwanadamu, ili amwabudu Mola wake, kama isemavyo Surat Dhariyat. Mtoto wa Majengo amefundishwa haya kabla hajajua kusoma riwaya. Kwa hiyo mwandishi wetu hamuumbi jini. Anamkuta na sheria zake, na msomaji anazijua sheria hizo, pengine kumshinda mwandishi.

Nitatoa mfano wa mbali kidogo ili nieleweke. Riwaya ya Twilight ya Stephenie Meyer, iliyotoka mwaka 2005 na kusomwa hata na wasichana wengi wa hapa kwetu, iliandikwa na mfuasi wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, na inafunguliwa kwa aya ya kitabu cha Mwanzo inayokataza tunda la mti wa ujuzi wa mema na mabaya. Humo hakuna anayehubiri. Lakini humo na katika vitabu vilivyoifuata, kijana mnyonya damu anakataa katakata kumgeuza mpenzi wake awe kama yeye, kwa sababu anaamini kwamba viumbe wa namna yake wamepoteza roho zao, na hataki kumnyang'anya msichana roho yake hata kama msichana mwenyewe anaomba. Anashikilia pia kwamba wasilale pamoja mpaka wafunge ndoa. Mtu aweza kuyacheka mapenzi yale, na mimi nina kurasa kadhaa ambazo nilizipitia kwa kuguna, lakini hawezi kukana kwamba imani ndiyo inayoyafanya yawe magumu. Ukiiondoa, kisa kinakwisha katika sura ya kwanza: wanapendana, anamgeuza, basi. Hapa kwetu, ukiiondoa dini katika hadithi ya jini mahaba, kinachopungua ni ustadhi wa mwisho tu, na nafasi yake mganga yeyote angeweza kuijaza.

Kinachonishangaza ni kwamba wanazuoni wetu wa kale walilishughulikia suala hili kwa undani ambao mtunzi wa hadithi angeutamani. Badr al-Din al-Shibli, aliyeishi katika karne ya 14, aliandika kitabu kizima kuhusu habari na hukumu za majini, na humo akajadili kama ndoa baina ya jini na mwanadamu yawezekana, na kama yawezekana, je, yafaa? Waliosema kuwa haifai walishika aya ya Surat Nahl isemayo kwamba Mwenyezi Mungu amewaumbia watu wenzi kutokana na nafsi zao wenyewe. Waliosema kuwa kukutana kwao kwawezekana walielekeza kwenye Surat Rahman, inayowasifu wanawake wa peponi kwamba hawajaguswa kabla yao na mtu wala jini. Imam Malik naye imenukuliwa kwamba alipoulizwa alisema haoni ubaya wake katika dini, lakini anachukia mwanamke aonekane ana mimba, aulizwe mume wake ni nani, ajibu kwamba ni jini, na ufisadi ukaenea kwa njia hiyo.

Ona jinsi jawabu hilo lilivyojaa riwaya. Imam hakuuliza kama jini anapendeza au anatisha. Aliuliza jamii itafanya nini na neno la mwanamke ambalo hakuna awezaye kulihakikisha. Imam Shafii, ambaye sisi Waislamu wa Mombasa walio wengi tunafuata madhehebu yake, imenukuliwa kwamba alikuwa mkali zaidi: mtu mwadilifu anayedai kwamba amewaona majini, ushahidi wake unabatilika, asipokuwa ni Nabii, kwa kuwa Qurani imesema kwamba wao hutuona kutoka mahali ambapo sisi hatuwaoni. Sasa mchukue binti mkweli, aliyelelewa katika nyumba ya Kishafii, ambaye kweli amemwona aliyemwona. Akisema, anapoteza heshima ya ushahidi wake wote, hata katika mambo ya kawaida. Akinyamaza, anaishi na siri ndani ya nyumba yenye watu kumi. Na huyo mpenzi wake, kama kweli ni muungwana, itambidi atafakari kwamba kila anapojitokeza anamharibia jina mtu anayempenda. Mgogoro umepatikana bila kasri la chini ya bahari na bila mapanga ya moto.

Halafu kuna ndoa yenyewe. Kwa Mashafii ndoa haisimami bila walii, yaani msimamizi wa binti, mashahidi wawili, na ijabu na kabuli, yaani maneno ya kuozesha na ya kukubali. Ni mashahidi gani watakaomshuhudia bwana harusi asiyeonekana? Binti akitaka kuachwa, atakwenda wapi? Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 170, inawapa makadhi mamlaka juu ya ndoa, talaka na mirathi pale pande zote zinapokuwa za dini ya Kiislamu na zinapokubali kufika mbele ya mahakama hiyo. Nami ningetoa pesa nyingi kuisoma sura ambamo karani anaita jina la mdaiwa mara tatu na ukumbi mzima unasubiri kuona ni nani atakayeitika. Hili nimelisema kwa mzaha, lakini ndani ya mzaha huo mna kazi ambayo haijafanywa katika hadithi zote nilizopata kuzisoma.

Hofu ya Imam Malik ilikuwa kwamba mwanamke angelitumia jini kama kisingizio. Katika mji wetu mambo yamegeuka, na hapa ndipo ninapozilaumu hadithi hizi kwa dhati. Anayemtaja jini mahaba mara nyingi si mwanamke mwenyewe bali ni watu wanaomzunguka. Msichana akikataa wachumba wawili, watu wa nyumbani wananong'ona kwamba ana jini mahaba anayemwonea wivu. Mke akikosa kushika mimba, anapelekwa kusomewa na kunyweshwa kombe, yaani maji yaliyooshewa maandishi ya Qurani, kabla mume hajafikiria kwenda kupimwa hospitali. Mke akimchoka mume mkali, mume anawaambia mashemeji kwamba mke wake ameingiliwa, na mjadala kuhusu ukali wake unafungwa papo hapo. Sisemi kwamba majini hawapo, kwa kuwa imani yangu hainiruhusu kusema hivyo, wala sisemi kwamba hakuna anayeteseka kwa maradhi yasiyojulikana daktarini. Ninachosema ni kwamba hadithi ambayo kila mara inathibitisha uvumi wa mtaa, kila mara binti kweli anaye, kila mara suluhisho ni kumsomea kisha kumwoza haraka, inawapa watu hao hoja ambayo hawakuwa nayo.

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, mzaliwa wa mji huu aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 hadi alipofariki 1947, alilitoa gazeti lake la Al-Islah mwaka 1932, na miongoni mwa yaliyomkera ni watu kuyavika mambo ya mila joho la dini. Sijui kama angezisoma hadithi za simu, na huenda angezipiga marufuku zote kwa siku moja. Hata hivyo, ukali wake dhidi ya ushirikina ulitokana na kuichukua dini kwa uzito, na uzito huo ndio ninaoutafuta kwa watunzi.

Mtu asiniambie kwamba jambo hili haliwezekani katika Kiswahili, kwa kuwa limekwisha kufanywa. Katika Adili na Nduguze, kitabu cha mwaka 1952, Shaaban Robert aliweka imani, jini na mapenzi pamoja, na hakuna kimoja kinachokaa bure. Mwelekevu ni binti pekee aliyebaki hai katika mji ambao watu wake wote wamegeuka mawe kwa kukataa kumwamini Mungu, na uhusiano wake na Adili unaanzia hapo: hangekuwapo wa kupendwa kama hangekuwa ameamini. Jini Huria naye hakuja kutisha wala kutongoza. Ana deni la wema kwa Adili, anawaadhibu ndugu za Adili, Hasidi na Mwivu, kwa kuwageuza manyani, na anamlazimisha Adili awapige ndugu zake kila usiku, adhabu inayomuumiza mpigaji kuliko wapigwao. Tunaona kiumbe wa ghaibu mwenye haki na ukali, anayemweka mja mwema katika mtihani ambao dini yake inamkataza kuufurahia. Ile ni akili ya mtunzi aliyeketi na itikadi yake akaiuliza maswali.

Jirani zetu Wakristo wana hazina ileile, na wanaipuuza vilevile. Mahubiri ya siku hizi kuhusu mume wa kiroho na malkia wa baharini yamejaa kila pembe ya Mombasa, tangu Bamburi hadi Likoni, na yamezaa hadithi zinazofanana na zetu, isipokuwa ustadhi amekuwa mchungaji. Lakini Biblia ya Kikatoliki ina kitabu cha Tobiti, ambamo Sara, binti Ragueli, anafiwa na waume saba kwa sababu ya pepo Asmodeo, anatukanwa na mjakazi kwa msiba huo, na anatamani kufa. Tobia anamwoa huku akijua yote hayo na akiogopa, na kabla ya kulala wanasimama wawili pamoja kuomba. Samaki wa kufukizia pepo yumo pia, ndiyo, lakini mimi ninavutwa zaidi na hofu ya kijana yule, na zaidi na mjakazi, ambaye ndiye mtaa mzima wa Mji wa Kale ndani ya mtu mmoja.

Swali ambalo mashekhe hupenda kulianzia, yaani kama kutunga hadithi hizi ni halali, halinisumbui sana. Watu wa pwani wamekuwa wakisimulia visa vya Alfu Lela Ulela vizazi na vizazi, majini na maifriti wakiwamo, na hakuna msikiti uliokosa waumini kwa ajili hiyo. Msomaji anatofautisha kisa na itikadi pale mwandishi anapomheshimu.

Ningependa tu mtunzi mmoja aifungue tena Surat Jinn na aisome kwa jicho la mtu anayetafuta mhusika. Sura hiyo inaanza na kundi la majini waliosikia Qurani ikisomwa, wakaistaajabia, wakaamini. Na baadaye wanasema wenyewe kwamba miongoni mwao wamo wema na wamo wasiokuwa hivyo, wamo Waislamu na wamo waliopotoka. Basi jini wa hadithi yetu anaweza kuwa Mwislamu. Akiwa Mwislamu, ustadhi wa sehemu ya mwisho hana la kufanya, kwa sababu atasoma, na jini atakaa kitako asikilize, na pengine atamsahihisha pale alipokosea makharija, yaani matamshi ya herufi. Hakuna ukelele wala kutoweka. Itabidi aondoke kwa hiari yake, kwa kuwa amejua kwamba anachokitaka hakimfai anayempenda, au abaki, na mtunzi atueleze kwa hoja gani. Na binti naye itabidi aulizwe anataka nini, jambo ambalo katika hadithi zote hizi hakuna aliyekumbuka kumuuliza. Hiyo ningeilipia sehemu zote kwa mkupuo mmoja.