Mvua ikichelewa, nani kafanya nini?

Bibi yangu, Msukuma wa Magu, hakuwahi kusema mvua imechelewa akaishia hapo. Angetazama upande wa ziwa, kisha angeuliza: nani kafanya nini? Sisi wajukuu wa mjini tulicheka. Tulikuwa tumeshafundishwa mzunguko wa maji shuleni, na mchoro wake wenye mishale.

Siku hizi sicheki. Nikivuka Mto Mirongo hapa Mwanza, nikaona yale maji meusi yanavyosukuma chupa za plastiki kuelekea ziwani, namkumbuka. Mchoro wa mishale hauulizi nani.

Kwa Wasukuma ulimwengu ni welelo, na Mungu huitwa pia Liwelelo. Neno moja limezaa yote mawili. Ndani yake hakuna kinachotokea chenyewe. Masamva, yaani wahenga, hawajaenda mbali; ukiwasahau wana njia zao za kukukumbusha. Na ntemi, mtawala wetu wa jadi, hakukaa tu kwenye kiti akipokea ng'ombe. Alibeba mvua. Ikigoma, watu walimgeukia yeye, na wapo waliopoteza utemi kwa sababu hiyo. Nionyeshe leo diwani anayeogopa ukame! Utemi ulifutwa 1963, na mvua ikabaki haina wa kuulizwa.

Ndiyo maana sipendi imani hizi zinavyosifiwa kwenye semina, maji ya chupa yakiwa mezani: eti wazee wetu walikuwa wahifadhi wa mazingira. Wapi! Walifyeka pori wakalima, wakajaza ng'ombe. Walichokuwa nacho ni hesabu: kila jambo lina mhusika, na mhusika ataulizwa.

Ila hesabu hiyohiyo imetuua. Mtoto akifa, nani kafanya nini? Ng'ombe wakiisha, nani? Huku Kanda ya Ziwa jibu limemwangukia mara nyingi bibi kizee mwenye macho mekundu, eti ni mchawi kwa sababu ya macho yaliyochomwa na moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe alivyopikia wajukuu miaka yote. Vikongwe wamekatwa mapanga. (Mauaji ya wenye ualbino nayaweka kando, ile ni tamaa ya utajiri iliyojivika imani.)

Nimejaribu kuchukua nusu nzuri ya swali lile nikaitupa mbaya. Imenishinda, kwa sababu ni swali moja. Tofauti ninayoiona ni kwamba ntemi alikuwa na walinzi na ngoma, kikongwe ana mlango wa mabati.

Bibi naye alipikia kinyesi cha ng'ombe. Miaka yake ya mwisho macho yalikuwa mekundu kama ya wale wengine, na mjomba akamhamishia kwetu Igogo, akisema ni kwa ajili ya kuwa karibu na hospitali. Bibi alijua. Jioni alikaa juu ya jiwe nyuma ya nyumba, uso kaelekeza ziwani, na mwaka ule mvua ilipochelewa hakuuliza kitu.