Kusoma bure, kuchapisha kwa maelfu ya dola

Mwaka 1991 mwanafizikia Paul Ginsparg alianzisha mfumo wa kusambaza makala za fizikia kwa kompyuta kabla hazijatoka katika jarida la kitaaluma. Ndio tunaoujua leo kama arXiv. Ulionyesha mapema kwamba matokeo ya utafiti yanaweza kumfikia msomaji kwa gharama ndogo mno. Karatasi na stempu vimeondoka, mwandishi halipwi, na wahakiki, yaani wasomi wanaoikagua makala kabla haijachapishwa, wengi wanajitolea. Kwa nini basi bei za majarida ziliendelea kupanda?

Kwa muda mrefu aliyeumia ni msomaji. Unasoma ikisiri, unaona ndicho ulichokuwa ukikitafuta, unabofya, unadaiwa dola 30 au zaidi kwa makala moja, na hujui kama jedwali unalolitaka limo ndani. Hata matajiri walichoka: mwaka 2012 baraza la ushauri la maktaba za Harvard liliwaambia wahadhiri kwamba gharama za usajili wa majarida hazibebeki tena.

Azimio la Budapest la mwaka 2002 lilitaka makala za utafiti zisomwe bure na yeyote mwenye intaneti, nami naliunga mkono kwa moyo wote. Ila wachapishaji wengi wakubwa walichofanya ni kumwondolea msomaji bili na kumkabidhi mwandishi. Mwishoni mwa 2020 jarida la Nature lilitangaza ada ya euro 9,500 kwa makala moja itakayosomwa bure. Kuna tafiti nzima zinazofanyika kwa fedha pungufu ya hizo!

Tunaambiwa upo msamaha wa ada. Upo, lakini kwa wengi ni wa kuomba. Makala imeshapita kwa wahakiki na kukubaliwa, ndipo mtafiti aanze kujaza fomu ya kueleza kwa nini hana fedha, huku akiomba asipewe punguzo dogo lisilomsaidia kitu. Huko ni kumdhalilisha msomi ambaye kazi yake imeshaonekana inafaa.

Ada hizi zina ubaya mwingine. Mchapishaji anapolipwa kwa kila makala anayoikubali, kukataa kunamtia hasara. Mwaka 2023 makala zaidi ya 8,000 zilifutwa katika majarida ya Hindawi, yaliyokuwa chini ya kampuni ya Wiley, baada ya kugundulika kwamba uhakiki ulikuwa umechezewa.

Njia nyingine ipo na inafanya kazi. Amerika ya Kusini, mtandao wa SciELO ulioanzia Brazili miaka ya 1990 una majarida mengi yasiyomtoza msomaji wala mwandishi. Vyuo na fedha za umma ndivyo vinavyoyabeba. Programu huria ya Open Journal Systems, iliyotoka Kanada, inaiwezesha hata idara ndogo kuendesha jarida lake. Maktaba zinazolipa mamilioni kwa wachapishaji wachache zingeweza kuelekeza sehemu ya fedha hizo huko.

Wanaoikwamisha njia hiyo ni kamati za vyuo za kupandisha vyeo. Mtafiti kijana analipa ada hizo kwa sababu anajua atapimwa kwa jina la jarida. Azimio la San Francisco la 2012, DORA, lilikwisha kutaka kazi ipimwe kwa ubora wake yenyewe, na vyuo vingi vimelitia saini. Sasa wajumbe wa kamati hizo wafungue makala na kuzisoma.