Mapigo 42: mmoja anaachwa, mwingine anawekewa betri

Kuna ubishi haukosekani mzee wa familia akipimwa na kuambiwa mapigo ya moyo yako chini, ana 42 kwa dakika wakati kawaida ya mtu mzima aliyetulia ni 60 mpaka 100. Nusu ya ukoo wanataka awekewe betri ya moyo, ile pesimeka, kifaa kinachotuma umeme ili moyo upige, haraka sana. Nusu nyingine wanasema muacheni mzee, huo ni umri, mbona hata wakimbiaji wana mapigo ya chini na wako fiti.

Wote wana hoja, shida wanabishania namba tu.

Tuanze na hawa wa "muacheni". Mkimbiaji wa mbio ndefu anayejifua kule Iten, Kenya, kuamka na 42 wala sio ajabu, moyo wake ukipiga mara moja unasukuma damu nyingi. Hata wewe ukilala fofofo yanaweza kushuka mpaka arobaini na kitu. Halafu kuna dawa. Mzee anameza atenolol au bisoprolol ya presha, na pengine anaweka matone ya timolol kwa ajili ya presha ya macho, hayo hakuna anayeyataja hospitali maana nani atadhani tone la jichoni linafika kwenye moyo? Linafika, linapita mfereji wa machozi mpaka puani na kuingia kwenye damu bila kupitia ini kwanza. Tezi ya shingo ikizembea nayo inashusha mapigo, na potasiamu ikipanda kwa mgonjwa wa figo hivyo hivyo. Ukikimbilia betri kabla ya kuuliza haya unaweza kujikuta umempasua mtu kisa chupa ya dawa. (Ila msimkatishie dawa ghafla nyumbani, moyo unaweza kurudi na kasi mbaya, daktari ndo apunguze.)

Sasa hawa wa betri, na hapa ndo ECG, kipimo cha umeme wa moyo, inapoamua ugomvi. Chukua watu wawili, wote wana 42. Wa kwanza umeme wa moyo unaanzia pale pale unapotakiwa na unashuka vizuri, ila unaanza polepole. Huyo kama hazimii, hana kizunguzungu, hahemi akipanda ngazi, miongozo ya madaktari wa moyo wa Marekani ya mwaka 2018 haina namba ambayo akiifika tu basi lazima betri, anafuatiliwa. Wa pili umeme umekatika njiani kabisa, vyumba vya juu vinapiga 80, vya chini 42, kila mtu na hamsini zake. Huyo, kama hakuna sababu inayoweza kurekebishwa, anashauriwa betri hata kama anakwambia mimi mzima, kwa sababu vile vya chini vinajiendesha kwa akiba na vinaweza kunyamaza bila taarifa. Na akizimia, akibanwa kifua au akianza kuchanganyikiwa, hakuna kikao cha ukoo, ni hospitali saa hiyo hiyo.

Wanaoogopa kwamba betri ni kuchelewesha kifo tu, mtu wa kwanza kupandikizwa betri alikuwa Arne Larsson wa Uswidi mwaka 1958, alikuwa anazimia mara nyingi kwa siku. Alibadilishiwa vifaa zaidi ya 20 na akafariki 2001 akiwa na miaka 86, kwa kansa. Na ile hofu ya mtaani kwamba ukiwekewa roho haitoki, hapana, betri inatuma umeme tu, msuli uliokufa hauitikii.

Mimi ningedai ECG na orodha ya dawa zote kwanza, halafu ikisema umeme umekatika niko na wa betri bila kusita. Kinachonisumbua upande wao ni baada ya upasuaji. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili wanaziweka, kwa hiyo sio lazima tena kuwaza India, lakini kifaa lazima kikaguliwe, betri inaisha baada ya miaka kama 8 mpaka 12, waya unaweza kuhama mahali pake, kidonda kinaweza kuingia wadudu. Mzee wa Sumbawanga kidonda kikianza kutoa maji pale chini ya mtulinga, atapanda basi mpaka Dar na nani? Ukoo ukichanga hela ya upasuaji uchange na nauli za kliniki humo humo, na msindikizaji ajulikane kabla mzee hajalazwa.