Kigoda cha Mama Hajati

Mama mkwe anaporejea kutoka Makka hapokelewi kwa maneno matamu peke yake. Hapa Bombo, ambako nimeolewa katika ukoo wa Wanubi, nyumba ya mtu aliyetoka hija hufurika wageni tangu siku anayofika kutoka uwanja wa ndege wa Entebbe, na kila mkamwana hutazamwa mikono kabla ya kutazamwa uso. Mawifi zangu walikuwa wamejipanga mapema. Wa kwanza alinunua zulia katika soko la Kikuubo, jijini Kampala, baada ya kubishana bei hadi mwuzaji akasahau alianzia wapi. Wa pili alileta chupa ya chai ya kutosha kukirimia arusi nzima. Wa tatu, ambaye Mungu amemjalia vidole, alisuka kawa za rangi nyekundu, zambarau na kijani, zile za kufunikia sinia ambazo wanawake wa Kinubi wa mji huu wanasifika kwazo, na ambazo mimi, niliyekulia Walukuba kule Jinja, nimejaribu kujifunza hadi walimu wangu wakaniomba niwapikie chai tu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na mwezi ule karo ya watoto ilikuwa imeumeza mshahara kabla haujafika mfukoni. Hata hivyo mkono mtupu haulambwi, na mkono mtupu wa mkamwana husimuliwa katika kila sherehe mpaka wajukuu wanaukariri. Nikaamua kutengeneza zawadi kwa vitu vilivyokuwamo nyumbani.

Sioni aibu katika jambo hilo, wala siwaelewi wanaoiona. Nchi hii imeishi kwa mikono ya watu wasiotupa kitu. Mafundi wa Katwe, mtaa wa Kampala, hugeuza mabati makuukuu kuwa sigiri, yaani majiko ya mkaa. Matairi ya lori yaliyokwisha huchongwa kuwa lugabire, viatu ambavyo humchosha mvaaji kabla havijachoka vyenyewe. Na kopo tupu likitiwa utambi na mafuta ya taa huwa tadoba, ambayo wengi wetu tuliisomea hadi tukapata vyeti. Kule Banda, pembeni mwa Kampala, wanawake wa mtaa wa Waacholi hukata kalenda na magazeti kuwa pembetatu ndefu nyembamba, wakaziviringisha moja moja, wakazitia gundi na vanishi, na zikikauka huwa shanga zinazovuka bahari. Mama mkwe mwenyewe hupenda kusimulia namna alivyopika sabuni nyumbani katika miaka ya 1970, wakati sukari, chumvi na sabuni zilipokuwa mali ya magendo. Kwa hiyo nilijua kwamba kazi ya mikono isingemchukiza, mradi tu isionekane kuwa takataka iliyovishwa nguo.

Shanga nilizifikiria nikaziacha, kwa kuwa mwanamke anayetoka Makka na bangili za dhahabu havikwi kalenda ya mwaka jana shingoni. Kilichonipa wazo ni magoti yake. Kwa miaka mingi Mama amepokea wageni akiwa ameketi mkekani pamoja nao, kwa heshima, na kila wanapoondoka huhitajika vijana wawili wa kumwinua, mmoja kila kwapa, huku yeye akiwakumbusha kwamba hakuzaliwa gunia. Kigoda kifupi, chenye mto laini na kitenge kizuri, kingemweka juu kidogo ya mkeka bila kumtenga na watu.

Kigoda cha chupa ni kazi rahisi kwa mwenye subira. Unatafuta chupa za plastiki za lita moja na nusu, zenye kimo kimoja na vifuniko vyake. Unasimamisha moja katikati, unaizungushia sita, kisha hizo unazizungushia nyingine kumi na mbili, na hapo unapata chupa kumi na tisa zilizobanana bila pengo. Unazifunga kwa utepe mpana wa gundi chini, katikati na juu, ukivuta kama mtu anayefunga mzigo wa boda. Unaweka katoni nene juu na nyingine chini, unalaza kipande cha godoro kuukuu, kisha unavisha kitenge. Nguvu ya kigoda haiko katika plastiki bali katika hewa iliyofungiwa ndani, kwa maana chupa iliyokazwa kifuniko haikubali kubonyea hata ikikaliwa na mtu mzima, ilhali iliyo wazi husinyaa mara moja. Jambo hilo nawafundisha wanafunzi wangu katika somo la sayansi, na bado naliamini.

Kazi ya kukusanya na kuandaa chupa nilimkabidhi mpwa wa mume wangu, kijana wa kidato cha tatu ambaye hujibu "Ndiyo, Anti" kabla hujamaliza sentensi, dalili ambayo mwalimu mwenzangu yeyote anaijua. Mama yake, yule wifi wa chupa ya chai, huuza munanansi kwenye stendi ya teksi, yaani kile kinywaji cha maganda ya nanasi yaliyochemshwa kwa tangawizi, majani ya chai na sukari, hivyo chupa kwao ni nyingi kuliko sahani. Nilimwagiza alete za soda, ambazo plastiki yake ni nene na kitako chake kina vidole vinavyoshika chini. Alileta za maji ya kunywa, nyembamba, zenye vitako bapa. Nilizipokea kwa sababu zilikaa sawasawa mezani.

Ikabaki shida ya uzito. Kigoda cha chupa tupu ni chepesi mno. Ukikigusa kwa pindo la gauni kinaanguka, na sikutaka Hajati aondokewe na kigoda chake mbele ya shehe. Nikamwambia kijana atie maji ya vidole vitatu katika kila chupa, akaze vifuniko kwa nguvu zake zote, kisha azifunge zote kwa utepe. Niliporudi kutoka shuleni nilizikuta zimekwisha kufungwa barabara kwa utepe wa rangi ya kahawia, hakuna kinachoonekana ndani. Nikamsifu. Nikampa na shilingi elfu mbili za rolex, ile chapati iliyoviringishiwa mayai.

Nilikuja kuelewa baadaye kwamba siku ile bomba lilikuwa limekauka, na kijana, badala ya kubeba jerikeni hadi kisimani, alitazama ndoo ya munanansi iliyokosa wanunuzi, akakumbuka methali niliyomfundisha mimi mwenyewe kwamba akiba haiozi, akaigawa sawasawa katika chupa zote kumi na tisa, ambazo hakuzisuuza.

Kigoda kilikamilika kikapendeza. Kitenge kilikuwa cha manjano na buluu, nimekishona kwa pindo la kamba, na nikakiweka karibu na dirisha ambako jua la asubuhi huingia, ili kila anayepita akione. Mume wangu alikiona. Siku chache baadaye alisimama mbele yake akiwa na kikombe cha chai na kuniuliza:

"Mama watoto, hiki kitu kimekua?"

Nikamwambia vigoda havikui. Akaniambia kwamba juzi kilikuwa chini ya kizingiti cha dirisha na leo kiko sawa nacho. Nikajibu kuwa kitenge kipya kimejikaza, na kweli kilikuwa kimekaza, hata ukikigonga kwa ukucha kinalia. Halafu kikaanza kutikisika, maana vile vitako bapa vilikuwa vimevimba chini vikawa mviringo, nami nikakitegemeza kwa kipande cha katoni. Mtu aliyesoma sayansi angetambua pale pale kwamba sukari iliyofungiwa mahali pa joto pamoja na hamira ya hewani hutoa gesi, na kwamba gesi hiyo hutafuta njia. Mtu huyo alikuwa anasahihisha mitihani ya darasa la sita.

Siku ya dua ilifika. Ua wa Mama ulikuwa umetandikwa mikeka chini ya turubai, masufuria ya pilau yanafuka moshi, na wanawake wamevaa nguo zao za kung'aa. Zawadi zilipokelewa moja baada ya nyingine, kila moja kwa vigelegele vya kiasi chake. Kigoda kilipotolewa vigelegele vilichelewa kidogo, kisha Mama akakishika, akakibonyeza, akauliza nani amekitengeneza, na alipotajiwa akasema, "Huyu mkamwana ameyaona magoti yangu," akaketi juu yake hapo hapo. Niliwatazama mawifi zangu mmoja mmoja, polepole. Ilikuwa furaha halali na niliifaidi yote.

Shehe akaanza dua. Ilipofika mahali ambapo watu wote wamenyamaza, mikono imeinuliwa, ikasikika kutoka chini ya Mama Hajati sauti nyembamba, ndefu, isiyo na haraka: ssssss. Hakuna aliyegeuka. Watu wa Bombo wana adabu, na mtu aliyetoka safari ndefu ya ndege na vyakula vya ugenini husamehewa mengi. Mama mwenyewe alifumbua jicho moja, akatazama kulia na kushoto kutafuta mwenye kosa, akalifumba. Sauti ikarudi, safari hii ikiwa na kituo katikati. Shehe, kwa hekima, akaongeza sauti ya dua.

Kisha ikaja harufu. Si harufu ile ambayo watu walikuwa wameitarajia kwa huzuni. Ilikuwa ya nanasi, tangawizi, na nyuma yake kitu kikali ambacho kila mtu uani aliijua asili yake na hakuna aliyethubutu kuitaja. Shehe alivuta pumzi mara moja, akasita kwenye neno, akaendelea. Wifi wa munanansi, ambaye pua yake ndiyo mtaji wake, alinigeukia macho yamemtoka, na mimi nikamgeukia kijana, na kijana alikuwa analitazama lango.

Dua ikaisha salama. Mama akainuka bila kusaidiwa na mtu, jambo ambalo ningependa likumbukwe, ili agawe tende na maji ya Zamzam aliyokuja nayo. Bibi mmoja jirani alikuwa amesogea mbele kabisa, viganja vimekingwa tayari. Kigoda kikabaki kitupu. Shemeji yetu, mfanyabiashara wa ng'ombe ambaye mwili wake unafanana na biashara yake, akaona si busara kuacha kiti kizuri kikae bure, akachukua sahani ya pilau akakikalia kwa uzito wote wa mtu aliyesimama tangu asubuhi.

Mlipuko wa kwanza ulikuwa mmoja. Iliyofuata haikuhesabika kirahisi. Vifuniko vilipenya godoro, kitenge kikapasuka kwenye mshono, na munanansi ikatoka pembeni kwa michirizi, ikapanda hadi kwenye turubai na kushuka juu ya watu. Shemeji aliketi palepale akizidi kuwa mfupi, sahani ameiinua juu ya kichwa, punje ya wali haikumwagika.

Bombo ni mji wa kambi. Makao makuu ya jeshi la nchi kavu yako hapa hapa, na masikio ya wenyeji yamefundishwa. Ua mzima ulilala chini kwa wakati mmoja. Mjomba wa mume wangu, sajini mstaafu, alikuwa chini ya meza ya masufuria kabla sisi wengine hatujajua kuna meza. Kelele zilipotulia watu wakaanza kuinua vichwa, naye akanguruma kutoka kule chini:

"Kigoda kina chupa ngapi?"

"Kumi na tisa, Mjomba," nikajibu, nimelala kifudifudi juu ya zulia la Kikuubo.

"Zimelia kumi na mbili. Mtu asinyanyuke."

Tukakaa chini. Alikuwa na haki, kwa kuwa mbili zaidi zililia baada ya hapo, na ya mwisho ilirusha kifuniko kikagonga ile chupa kubwa ya chai kwa mlio wa kengele. Katika ua wote aliyebaki amesimama ni yule bibi wa viganja, ambaye masikio yake yalikwisha kustaafu zamani. Aliona maji yanamwagika kutoka upande wa Hajati, akayakinga kwa shukrani, akasema bismillahi, akajipaka usoni. Akatulia. Akavinusa viganja vyake. Akamwuliza Mama kwa upole kama siku hizi Zamzam wanaitia tangawizi.

Mama Hajati aliketi chini mkekani, akajifunika uso kwa mtandio, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, nikaanza kutafuta maneno ya kuomba radhi. Shehe alinusa mkono wa kanzu yake, akatafakari, akatangaza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuona mengi kwamba kila aliyerushiwa akafue au abadili nguo kabla ya adhuhuri. Hapo tu ndipo Mama alipoufunua uso, machozi yakimtiririka, akashindwa kusema kwa kicheko. Foleni ya bombani ikafika barabarani, na bomba, kwa ukarimu wake, lilikuwa na maji siku hiyo.

Chupa tano zilizobaki hazijalia zilipelekwa migombani na kijana mwenyewe, moja moja, amezishika kwa urefu wa mkono, huku Mjomba akimwelekeza kwa mbali kwa lugha ya kambini.

Wageni walipokwisha kabisa, Mama aliniita chumbani kwake, akafunga mlango, akaniuliza kama ninaweza kutengeneza kigoda kingine. Nikamwambia bila shaka, safari hii kwa chupa nene za soda, zilizosuuzwa na kukaushwa, zenye mchanga mkavu ndani.

"Nani amekutajia mchanga, mwanangu?" akasema, akitazama mlango. "Mke mwenzangu wa Arua anarudi kutoka Umra mwezi ujao. Nitakilipia nauli ya basi. Mwite yule kijana, aje azijaze yeye mwenyewe."